Jioni ni ya Kuunga

Mjukuu wangu,

Zile wiki mbili nilizokaa kwenu Kimara sikusema neno. Mgeni hasahihishi jiko la mwenyeji, hata kama mgeni ni babu na mwenyeji ni mjukuu ninayemwita mchumba. Sasa nimerudi Morogoro, nimepumzika, na mdomo unaniwasha.

Nilichoona ni hiki. Unatoka kazini Posta saa kumi na moja na nusu. Unapanga foleni ya mwendokasi, unasimama njia nzima mpaka Kimara, unaingia ndani saa mbili kasorobo. Mkoba haujatulia kwenye kochi, tayari una sinia mapajani unachagua maharage. Saa mbili usiku! Maharage makavu, hayajaonja maji tangu yavunwe, yanaingia sufuriani huku watoto wanakuzunguka: "Mama, bado?" Saa tatu na nusu yule mdogo amelala na sare ya shule. Mume mwenzangu, huyo bwana wako, anavaa ndala anakwenda kibandani kwa kijana wa chipsi, anarudi na zege tatu, zile chipsi mayai. Mnakula kimya. Maharage yanaiva saa nne na nusu, hayana mlaji, yanalala mezani, na asubuhi yamechacha. Nilikuwa nakuangalia ukiyamwaga. Mtu anayemwaga chakula alichokipika mwenyewe ana uso wake.

Nikajua wewe huna uvivu, na mapishi unayajua. Mkono ni wa bibi yako kabisa. Kosa lako ni saa. Jioni unaanza kazi ambayo si ya jioni.

Sikiliza lugha yetu inavyosema. Tuna kuchemsha na tuna kuunga. Kuchemsha ni kazi ya moto na saa: maharage, choroko, kisamvu, nyama ya mfupa, mahindi ya makande. Hapo wewe hutakiwi sana, unatakiwa muda wako. Kuunga ni kazi ya mkono na pua: kitunguu kinageuka rangi, nyanya inalainika, tui linaingia, unaonja, unaongeza chumvi, umemaliza. Dakika ishirini zikizidi ni kwa sababu ulikuwa unaongea na simu. Mtu aliyesimama ndani ya basi kutoka Posta mpaka Kimara anaweza kuunga. Kuchemsha hawezi, na asijaribu.

Hili sikulisoma popote. Nilifundishwa na behewa la chakula la reli ya kati, enzi ambazo Dar es Salaam hadi Kigoma, zaidi ya kilomita 1,200, ilikuwa safari ya kulala njiani mara mbili kama Mungu amependa, na mara tatu kama hakupenda. Siku hizi treni ya umeme inamfikisha mtu Dodoma kabla njaa haijauma, kwa hiyo huwezi kujua. Jiko letu lilikuwa jembamba: nikinyoosha mikono yote miwili nagusa ukuta huku na huku. Pembezoni mwa jiko kulikuwa na vyuma vya kuzuia sufuria zisiteleze, na sufuria hatukuijaza kupita nusu, maana treni ikipiga kona kule Kidete mchuzi unakuvaa. Na duka hakuna. Ukigundua saa sita za usiku kati ya Itigi na Tabora kwamba umesahau chumvi, utamgongea nani? Chumvi iko Uvinza, na Uvinza ni kesho.

Mkuu wangu wa jiko alikuwa mzee wa Kinyamwezi, mkimya, mwenye sheria moja: kinachohitaji zaidi ya saa moja motoni kiwe kimeiva kabla treni haijapiga honi. Tulichemshia Dar. Njiani tuliunga tu. Abiria aliagiza, na kabla hajamaliza kulalamika kuhusu kiti chake sahani imefika. Walidhani tuna mbio. Mbio zilikuwa za mchana ule, stesheni, wao wakiwa bado wanafunga mizigo nyumbani.

Sasa nikwambie aibu yangu, usije ukairudia. Mwaka wangu wa kwanza nilijifanya mjanja. Nikaona, kama kuchemsha mapema ni kuzuri, kwa nini nisiunge kabisa mapema? Nikayatia maharage yote tui la nazi kulekule Dar, matamu, yananukia. Tulipofika Dodoma asubuhi nikafunua sufuria: povu, na harufu ya pombe. Ndoo mbili za maharage zikaenda porini kwa kunguru. Mzee hakunigombeza. Alinipa maharage makavu na sinia, akaniambia nikae pale mlangoni pa behewa nichague, ili kila anayepita anione.

Kwa hiyo maharage ya akiba huchemshwa yenyewe, peupe, hayana nazi, hayana kitunguu, hayana nyanya. Nazi ni ya siku ile ile ya kula. Kwa joto la Dar tui halingoji mtu.

Fanya hivi. Ijumaa usiku, ukishapiga mswaki, loweka kilo moja. Jumamosi asubuhi mwaga yale maji, suuza, tia maji mapya, bandika. Kama ni maharage mekundu, hakikisha yamechemka kwa nguvu, povu likipanda, angalau dakika kumi nzima kabla hujapunguza moto. Yana sumu yake ya asili ambayo kuyaloweka peke yake hakuiondoi, wala moto wa kunong'ona hauiwezi, na inamtapisha mtu mzima sembuse mtoto. Yakiiva laini, yaache yapoe kwenye bakuli pana, kisha uyagawe. Kilo moja kavu itakuzalia zaidi ya kilo mbili zilizoiva. Mafungu manne. Moja friji, la Jumapili au Jumatatu, na mengine matatu friza. Yale makopo ya aiskrimu uliyoyapanga juu ya kabati kama mapambo ndiyo kazi yake hiyo, ingawa watoto watakulaani siku watakayofungua wakitarajia vanila.

Kutoka hapo, kila fungu lina safari yake. Moja utaliunga kwa nazi, lile pendo la kila mtu, na wali. Moja kwa karoti, hoho na nyanya, liliwe na ugali. Moja litakutana na mahindi ya kukoboa liwe makande. Na mahindi nayo, utakapoyachemsha siku nyingine ya mapumziko, chemsha mengi. La mwisho unaliponda na kitunguu kilichokaangwa mpaka kikawa cha kahawia, mnapaka kwenye chapati. Watoto hawatajua kwamba wamekula kitu kimoja mara nne. Wakijua, waambie wamwandikie babu.

Fundi wa pili wa akiba ni nyanya. Utaona msimu ambao sado ya nyanya inauzwa bei ya kutupa na wauzaji wanakuita "mama, nikuongezee". Siku hiyo usinunue nyanya nne. Nunua sado, kata vitunguu, kaanga, tia kitunguu saumu na tangawizi, tia nyanya, ziache zijipike zenyewe moto mdogo mpaka mafuta yaelee juu. Rojo hilo gawa kwenye vikopo vidogo, gandisha. Jioni ukifika, kikopo kimoja kinaingia kikaangoni, na nusu ya kuunga imekwisha kabla hujabadilisha nguo.

Lakini umeme nao una tabia zake, unazijua kuliko mimi. Usiweke maisha yote kwenye friza. Nyumba iwe na akiba kavu, na katika akiba kavu mimi sina mpinzani wa dagaa wa Kigoma. Tulikuwa tunawanunua tukifika mwisho wa reli, tukiwapima kwa macho. Wavuvi wa Ziwa Tanganyika huwavua usiku kwa taa, kwa hiyo mbalamwezi ikiwaka sana dagaa hupungua na bei hupanda. Sisi tulikuwa tunasoma mwezi kabla ya kusoma noti. Wewe nunua kilo, siku moja kaa na watoto mkitoa vichwa, waoshe kwa maji ya moto, wakauke, kisha wakaange mpaka walie wakikorogwa. Wakipoa, watie kwenye kopo lenye mfuniko unaobana. Kitunguu, kikopo cha rojo, dagaa, ndimu juu: dakika kumi. Ugali unapoiva, mboga inakungoja.

Dagaa hao na maharage ya kuchemsha ndiyo yaliyotuokoa masika moja, Mto Mkondoa ulipokula tuta la reli mbele yetu, baada ya Kilosa. Treni ilisimama siku mbili. Daraja la tatu lilikuwa limejaa akina mama na watoto ambao walikuwa wametegemea kununua chakula stesheni, na stesheni haikuwapo, ni maji tu. Mzee alitazama stoo, akahesabu kwa vidole, akasema leo hakuna daraja la kwanza wala la tatu. Tuliunga usiku na mchana. Chakula kilikuwa maharage na wali, halafu wali na dagaa, halafu maharage tena. Nakumbuka mama mmoja alimlisha mwanawe, akalamba kijiko, ndipo akaanza kulia; tangu mvua ianze hakuwa amelia. Pilau sijawahi kuona likimliza mtu namna ile.

Kuhusu kiporo, hapa nitakugombeza. Najua tulilelewa nacho. Wali wa jana na chai ya rangi, nani atanifundisha utamu wake? Lakini wali unaolala mezani usiku kucha kwa joto la Kimara ni hatari, na kuupasha moto hakukuokoi. Wali una vijidudu vyake ambavyo mbegu zake hustahimili kuchemka. Wali ukikaa vuguvugu, huamka, huzaana na kuacha sumu ambayo moto wa asubuhi hauivunji. Mkishamaliza kula, utandaze kwenye chombo kipana upoe haraka, na kabla saa mbili hazijapita uwe ndani ya friji. Kesho yake ule, upashwe mpaka ufuke moshi. Wa siku ya tatu wape kuku wa jirani.

Halafu ile ratiba. Niliiona mlangoni pa friji, imechapishwa kwa rangi, Jumatatu kuku wa kuoka na mboga tatu, Jumanne samaki wa kupaka, Jumatano sijui nini cha jibini. Ni nzuri, mjukuu wangu, inafaa kutiwa kwenye fremu. Iliandikwa na mtu aliyepumzika kwa ajili ya mtu aliyepumzika. Ilikufa Jumanne, mimi shahidi, pale samaki alipokutwa amegandishwa kama tofali saa mbili usiku.

Hesabu usiku, usihesabu vyakula. Wiki ina usiku saba. Mitatu ni ya yale mafungu ya maharage. Mmoja wa dagaa. Mmoja wa samaki au nyama, na huo uwe wa siku ambayo mmoja wenu anawahi kurudi. Mmoja wa kumaliza vilivyobaki, mnajaza meza visahani. Na mmoja, nakwambia kwa moyo mkunjufu, ni wa zege. Usiifukuze zege. Ipe usiku wake, Ijumaa kwa mfano, watoto waisubiri kwa hamu. Mboga za majani hazina ratiba: mchicha, matembele, chainizi, chochote kilicho kibichi kwenye genge la pale kona siku hiyo, dakika tano motoni, kila siku. Isipokuwa kisamvu. Kisamvu kitwangwe vizuri na kichemshwe sana, sufuria wazi, kwa sababu majani ya muhogo yana sumu inayotaka kutoka na mvuke. Hicho nacho ni cha Jumamosi.

Dada anayewasaidia ni mtoto wa watu, ana miaka yake michache na ana usingizi wake. Mwambie asubuhi kitu kimoja: toa kopo fulani kwenye friza, lishushe chini kwenye friji. Basi. Kumpigia simu saa saba mchana ukimtajia mapishi ya hatua tisa ni kujichosha na kumchosha.

Mume mwenzangu yeye anarudi saa kumi na mbili. Nilimwona. Anakaa sebuleni anatazama mpira wa marudio ambao matokeo yake anayajua. Ni kijana mwema, sina ugomvi naye zaidi ya kunipora mchumba. Lakini kwenye behewa tulikuwa wanaume watupu, tulimenya, tuliosha, tulikanda unga, na jioni tulivaa suruali kama kawaida. Kukata vitunguu viwili na kubandika wali hakutamshusha cheo. Msomee aya hii kwa sauti. Yule mkubwa naye, ana miaka minane, anaweza kuchagua mchele. Macho yake ni mazima kuliko yako.

Umeniuliza kwenye simu kama ununue sufuria ya presha ya umeme. Nunua. Nimeishi na mkaa miaka yangu yote na sina deni nao. Maharage yaliyolowekwa yanaiva humo chini ya saa moja, na kwa umeme ambao haufiki uniti moja. Serikali yenyewe ilizindua mkakati mwaka 2024, inataka ifikapo 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi; wewe usingoje 2034. Angalizo langu ni moja, la mtu wa reli: kwenye presha maharage yasipite nusu ya sufuria, yanatoa povu na povu huziba pale pa kupumulia. Mtungi mdogo wa gesi wa kilo sita ubaki kwa kuungia, umeme ukikatika usikose pa kushika.

Lile neno ulilolisema tukiwa mlangoni, kwamba siku hizi nyumba yako haina "chakula cha nyumbani", limenikaa. Nadhani ulikuwa unawaza sikukuu za bibi yako: mabiriani, masinia, vitumbua alfajiri. Bibi yako alipika vile mara chache kwa mwaka, na siku mbili kabla jikoni hakuingiliki. Chakula cha siku zote kilikuwa wali, maharage, mchicha. Hicho ndicho unachokikumbuka mwilini, hata kama kichwani unakumbuka biriani.

Unaikumbuka Alhamisi yangu ya mwisho kwenu? Asubuhi mlipotoka niliyachemsha yale maharage yaliyobaki kabatini, jioni nikakuna nazi, nikaunga. Ulipoingia wali ulikuwa umepaliwa makaa juu ya mfuniko, niliazima jiko la jirani, maana wali wa gesi haunipi ukoko. Yule mdogo alikuwa macho. Alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, kijiko mkononi, anakwangua chini ya sufuria kwa bidii kama fundi, mdomo umejaa mafuta ya nazi, na ukoko umemganda kidevuni. Wewe ulisimama pale mlangoni, ukachota maharage kwa upawa, ukala umesimama. Hukusema kitu. Ulivua viatu kwa kuvisukuma na vidole, kimoja kikaenda chini ya meza, na ukakaa sakafuni karibu na mwanao mkagombania ukoko. Saa yangu ilikuwa inaonyesha saa mbili na dakika ishirini.

Jumamosi nakuja na treni ya asubuhi. Mchele wa Ifakara ninao, kilo tano, umeshachaguliwa. Ijumaa usiku usisahau kuloweka, kilo moja, maji yayafunike yapite kimo cha kiganja. Na mwambie mume mwenzangu anunue nazi tatu zilizokomaa, azitikise asikie maji. Nitakuna mimi, yeye atakamua.